Sura ya Tano: Msitu Hujiotea Wenyewe, Mtunzaji wa Nini?

Swali hili huulizwa na mchuma chai, na dereva wa basi, na mwanafunzi aliyeletwa na shule yake kutembea. Miti hii hakuna aliyeipanda, hakuna anayeimwagilia maji, na mvua hailipwi mshahara. Kwa nini basi serikali imwajiri mtu na kumvalisha sare ili atunze kitu kinachojitunza?

Ni swali la haki, ila watu wa misitu huwa wanalijibu vibaya. Hutoa hotuba ndefu juu ya mazingira na vizazi vijavyo, muulizaji anaitikia kwa kichwa, kisha anaondoka na swali lake lilelile. Sura hii italijibu kwa njia nyingine: tutaitazama kazi yenyewe, mahali pamoja, tangu mpaka wa msitu hadi mkutano wa kijiji. Mahali penyewe ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki.

Kwanza tuelewane kwa maneno mawili. *Mhifadhi*, katika sura hii, ni mtu mwenye dhamana ya kila siku juu ya eneo la asili; vijijini wanamwita Bwana Misitu, au Bibi Misitu akiwa mwanamke. *Hifadhi ya mazingira asilia* ni msitu wa serikali uliopewa ulinzi wa juu kabisa kisheria. Humo hakuna kuvuna mbao, hakuna kulima, hakuna kuchimba madini. Kinachoruhusiwa ni utafiti, elimu, utalii, na mahitaji madogo ya majirani yaliyokubaliwa kwa utaratibu.

Jibu fupi la swali letu ni hili: msitu hujiotea wenyewe pale tu ambapo hali iliyouotesha bado ipo. Kule Amani, hali hiyo haipo tena. Msitu umekatwa vipande na mashamba ya chai, umeletewa mimea ya ng'ambo, na umezungukwa na watu wanaohitaji kuni leo jioni. Ukiuacha ujiendee, utaota kweli, lakini kitakachoota kitakuwa kitu kingine.

## Amani ni mahali gani?

Amani iko Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Hifadhi ina hekta 8,380. Inaanzia chini kabisa, mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi mita 1,130. Ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Leo hifadhi za namna hii ni zaidi ya 20, nazo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, TFS.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta unyevu, milima huunasa, na misitu ya juu imekaa na ukungu wake muda mrefu mno, ikiwa mbali na misitu mingine. Ndiyo sababu ina viumbe usiowakuta kwingine. Wapo vyura wadogo ambao hawatagi mayai majini. Huzaa vitoto vilivyokamilika. Lipo pia lile ua dogo la rangi ya urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani mkoani Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wazao wa ua hilo huuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani nzima. Porini kwake huota kwenye miamba yenye kivuli na kuvumwani. Uangushe mti mkubwa ulio juu ya mwamba huo, na jua la wiki chache litalimaliza.

Lakini usidhani Amani ni msitu ambao haujaguswa na mtu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani kubwa ya mimea. Wakaleta miti kutoka kila pembe ya nchi za joto ili waone ipi ingestawi na kuleta faida. Baadaye yakaja mashamba ya chai, na katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja mashine za kukata magogo, kwa msaada wa Ufini. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kugharimia uhifadhi wa misitu ya Usambara Mashariki katika miaka ya 1990. Mhifadhi wa leo amerithi yote hayo: mazuri, mabaya, na yale ambayo ubaya wake ulikuja kuonekana baada ya waliohusika kwisha kustaafu.

## Kazi ya kwanza: mpaka

Hakuna kitu kinachomla mhifadhi muda kama mpaka. Mpaka wa msitu una vitu viwili vya kuonekana kwa macho. Kuna *bikoni*, yaani nguzo fupi za zege zenye namba, na kuna *mkuza*, ukanda mwembamba unaofyekwa ili mtu yeyote, hata mgeni, ajue anapovuka. Mahali pengi hupandwa pia safu ya miti ya aina moja, kwa mfano mitiki, ili mstari uonekane kwa mbali.

Katika nchi yenye mvua nyingi kama Amani, mkuza uliofyekwa leo, baada ya misimu miwili unadai macho ya mwenyeji kuutambua. Basi hufyekwa tena, na tena, mwaka hadi mwaka. Kazi hii haina sifa wala haipigwi picha. Ila ikiachwa, haya ndiyo yanayofuata.

Shamba haliingii msituni kwa kishindo. Mwaka wa kwanza mkulima analima hadi kwenye shina la mtiki. Mwaka wa pili anachoma majani makavu chini ya mtiki ule, na moto unamenya gome upande mmoja. Mwaka wa tatu mti umekauka huku umesimama, na mtu anakuja ofisini kuomba ruhusa ya kuuangusha kwa kuwa unaweza kuwaangukia watoto. Mwaka wa nne pana migomba, nayo imeshazaa.

Hapo ndipo mazungumzo huwa magumu. "Bwana Misitu, migomba hii ameipanda marehemu baba," atasema mwenye shamba, na pengine anaamini hivyo. Mhifadhi anayefika na faini mwaka wa nne amechelewa miaka mitatu.

Aliye hodari hufika mwaka wa kwanza, hana faini, ana panga la kufyekea na wazee wawili wa kijiji. Wanatembea mkuza pamoja, wanatafuta bikoni moja baada ya nyingine, wanaondoa majani juu ya namba, na mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji anaandika. Kamati hii huchaguliwa na wanakijiji wenyewe kushughulikia misitu na vyanzo vya maji. Mistari mingi ya misitu yetu ilichorwa zamani za ukoloni, na babu za wanaoishi hapo hawakuulizwa. Kuutembea mpaka kwa pamoja hakufuti dhuluma hiyo, lakini huondoa kisingizio cha pande zote mbili: mkulima hawezi kusema hakujua, na ofisi haiwezi kusogeza nguzo kimyakimya.

## Kazi ya pili: mgeni aliyealikwa

Baada ya mpaka, adui anayefuata yuko ndani, na ni mti.

Waganda wanauita musizi. Wataalamu wanauita *Maesopsis eminii*. Kwao ni upande wa magharibi, Uganda, Kongo na kandokando ya Ziwa Victoria, na huko ni mti mwema usio na ugomvi na mtu. Uliletwa Amani wakati wa Wajerumani, kisha ukapandwa kwa wingi baadaye kwa sababu unakua haraka na unatoa mbao. Leo ni miongoni mwa *mimea vamizi*, yaani mimea iliyoletwa kutoka kwingine ikaenea yenyewe na kuisukuma kando ile ya asili.

Ulieneaje? Mtafute hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye mdomo wa kutisha, ambaye mabawa yake husikika kabla hajaonekana. Hupenda sana matunda ya musizi. Huyameza, huruka bonde hadi bonde, na mbegu huziacha anakotua. Kima nao husaidia. Lakini ndege peke yake asingeweza kuugeuza msitu, maana mbegu ya musizi inataka mwanga. Ikidondoka chini ya kivuli kizito huota kinyonge na kufa. Mwanga ilipewa na mashine za magogo. Kila mti mkubwa ulioangushwa uliacha tundu angani, na kila tundu likapata musizi.

Ukisimama leo kwenye sehemu zilizokatwa enzi zile, utaona vigogo virefu vilivyonyooka, vyenye rangi ya kijivu, na majani yamekaa juu kabisa. Kwa mgeni ni msitu mzuri. Inama sasa utazame chini. Majani ya musizi huoza upesi, tabaka la majani makavu ni jembamba, na wadudu wa udongoni ni wachache kuliko chini ya miti ya asili. Chura anayeishi katika majani hayo hana pa kujificha.

Basi si ukatwe? Kila mgeni husema hivyo, na hapa ndipo kazi ya mhifadhi inapohitaji akili kuliko msumeno. Ukiangusha musizi mmoja mkubwa umefungua tundu jipya, na udongo wa hapo umejaa mbegu zake. Umeondoa mmoja, umealika mia. Kabla ya kugusa shina, mhifadhi hujiuliza:

- Je, chini ya mti huu kuna miche ya miti ya asili, kama msambu au mnyasa, iliyo tayari kuchukua nafasi?
- Kama ipo, ina urefu wa kushindana, au bado iko chini ya goti?
- Je, mti ufe polepole ukiwa umesimama, kwa kuchunwa gome pande zote, ili mwanga uingie kidogo kidogo?
- Nani atarudi kung'oa miche ya musizi kwa mkono mwaka ujao, na ule unaofuata?

Jibu la swali la nne likiwa "hakuna", ni afadhali mti uachwe. Kazi iliyoanzwa na kuachwa njiani hudhuru kuliko kutoanza. Na pale ambapo msitu haujatobolewa, dawa bora ni kutoutoboa: kivuli cha miti mikubwa huushinda musizi bila gharama ya shilingi moja.

Wapo wageni wengine. Kuna kichaka kimoja cha kutoka Amerika kiitwacho *Clidemia hirta*, chenye majani ya vinyweleo na vitunda vyeusi vitamu ambavyo hata watoto huvila. Hiki hufuata njia za miguu. Mhifadhi anapofungua njia mpya ya watalii, anakifungulia nacho njia. Kwa hiyo hata jambo jema kama njia ya kutembelea ndege lina hesabu yake.

Kwa kifupi hadi hapa: mpaka huzuia msitu kupungua ukubwa, kazi ya mimea vamizi huzuia msitu kubadilika ukiwa na ukubwa uleule. Wizi wa kwanza unaonekana kwenye ramani. Wa pili hauonekani mpaka uingie ndani.

## Kazi ya tatu: kutazama chini

Mtu akiingia msituni hutazama juu. Mhifadhi mzoefu hutazama chini, kwa sababu msitu wa miaka 100 ijayo uko pale, ukiwa na urefu wa kiganja.

Hakuna zao lililofundisha somo hili zaidi kuliko iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa. Anafyeka vya chini tu: vichaka, mizabibu ya mwitu, miche. Ukiwa ng'ambo ya bonde huoni tofauti yoyote; msitu umesimama, kijani tupu. Ukiingia utaona mashina makubwa, kisha iliki, na katikati hakuna kitu. Ni kama kijiji chenye wazee watupu: kipo, kina heshima zake, ila kila mazishi yanakipunguza na hakuna kilio cha mtoto. Miti mikubwa huanguka mmoja mmoja kwa uzee na upepo, haina wa kuirithi. Baada ya miaka udongo huchoka, iliki hukataa, na shamba hugeuzwa kuwa la mdalasini, ndizi au mahindi. Hapo ndipo msitu huonekana umekufa, ingawa ulianza kufa siku ile vichaka vilipofyekwa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya doria nzuri ni kuhesabu. *Doria* ni matembezi ya ukaguzi. Wengi huidhani ni kuwasaka wapasua mbao, na kweli hilo limo: mashimo ya kupasulia magogo, unga wa mbao uliofunikwa majani, nyayo zinazoelekea mtoni usiku. Ila doria inapofuata njia zilezile, na kuandika mambo yaleyale kila mara, huwa pia kipimo. Miche mingapi imeota mahali hapa? Visiki vipya vingapi? Mitego ya waya iko upande gani? Daftari la miaka 10 lililoandikwa kwa uaminifu linamweleza mhifadhi mpya mambo ambayo mkutano wowote hauwezi kumweleza.

## Kazi ya nne: majirani

Sasa tufike kwenye sehemu inayochukua akili nyingi kuliko zote. Msitu hausogei, musizi hausemi uongo, lakini jirani ana watoto, ana madeni, na ana kumbukumbu.

Chukua mfano wa Derema. Huu ni msitu ulio kati ya vipande viwili vya misitu ya Usambara Mashariki, na wataalamu walitaka uwe *ushoroba*, yaani njia ya wanyama na mbegu kupita kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ndani yake kulikuwa na mashamba ya iliki ya wakulima zaidi ya elfu moja. Katika miaka ya 2000 iliamuliwa waondoe mazao yao na walipwe fidia. Kwa upande wa msitu, lengo lilifikiwa: vichaka vilirudi na miche ikaanza kuota. Kwa upande wa watu, malipo yalichelewa, wengi waliona hayakulingana na kipato cha iliki kilichokuwa kikiwaingia mwaka baada ya mwaka, na ardhi mbadala haikuwa karibu. Fidia hulipwa mara moja. Iliki ilikuwa inalipa kila msimu.

Mhifadhi aliyeletwa baadaye hakuamua lolote katika hayo. Lakini kila akisimama kwenye mkutano wa kijiji, Derema iko naye. Kama hajui historia hiyo, atashangaa kwa nini watu wanamkaribisha kwa adabu zote, wanamkalisha kwenye kiti kizuri, na hawamwambii chochote.

Yapo mambo ambayo yamesaidia kujenga imani. Ya kawaida ni makubaliano ya maandishi kati ya hifadhi na kijiji, ambayo kitaalamu huitwa *usimamizi shirikishi wa misitu*: kuni kavu ziokotwe siku maalumu za wiki, dawa za mitishamba zichukuliwe kwa kibali, na kijiji kitunge sheria ndogo zake na adhabu zake. Jambo dogo ndani ya makubaliano hayo linaweza kuwa na uzito kuliko yote. Mama anayeokota kuni kwa ruhusa, siku inayojulikana, huona mengi. Akimheshimu mhifadhi, atamwambia amesikia msumeno upande wa mtoni. Akimwogopa, hakusikia chochote.

Mfano mwingine ni vipepeo. Wazo la kuwafuga lilianza pwani ya Kenya, Gede, mwaka 1993, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya mradi ulioitwa Kipepeo. Amani ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkulima alikuwa akikamata vipepeo wachache wa kuzaa, akiwafuga ndani ya wavu, akiwapandia miti ambayo viwavi wao hula, kisha akiuza mabuu yaliyojifunga kwenye vifuko vyao. Mabuu hayo yalisafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, ambako yalitoka yakiwa vipepeo. Aliyewahi kulipwa kwa kipepeo anajua kwamba kipepeo anatoka kwenye mti fulani, na mti huo uko msituni.

Kisha mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Uamuzi ulitokana na wasiwasi kuhusu wanyama waliokuwa wakitoroshwa, lakini kipepeo naye alihesabiwa. Wakulima walibaki na mabuu yasiyo na mnunuzi. Somo kwa mhifadhi ni la kiutendaji kabisa: usijenge urafiki wa kijiji kizima juu ya soko moja, hasa soko ambalo mlango wake unafungwa na barua kutoka mbali.

Si lazima tutazame serikalini tu kwa mifano. Kwenye pwani ya Kenya, Wamijikenda walitunza misitu ya kaya, yaani misitu yao mitakatifu, kwa karne nyingi bila ofisi wala sare. Wazee wa kaya walikuwa na miiko inayojulikana na kila mtu: hukati mti, huchungi mifugo, huchepuki njia. Mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miiko hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu mtoto aliikuta nyumbani, haikuletwa na gari. Inapolegea, kama inavyolegea penye bei kubwa ya viwanja, hakuna sheria iliyoweza kuziba pengo lake lote.

Unguja, kwenye msitu wa Jozani, tatizo la majirani lilikuwa barabara. Magari yaliwagonga kima punju, mbega wekundu wasiopatikana nje ya Zanzibar. Suluhisho likawa matuta ya barabarani, na vifo vikapungua. Ni mfano unaostahili kukumbukwa na kila anayedhani uhifadhi ni elimu ya juu tu: wakati mwingine ni lami iliyoinuliwa mahali panapofaa.

## Mnufaika asiyeonekana

Jirani wa Amani haishi Amani tu. Mto Zigi huanzia milima hii, hushuka hadi bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo hunywewa na jiji la Tanga. Anayefungua bomba Ngamiani, mjini humo, anatumia kazi ya mtu aliyefyeka mkuza mlimani, ingawa hawajawahi kuonana.

Mhifadhi mwerevu huufanya uhusiano huo uonekane. Wakulima wa bonde la mto huo wana umoja wao, UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi. Wanachama hupanda miti na majani ya kuzuia udongo, hulima kwa makinga maji, na huacha ukanda kando ya mto bila kulimwa. Udongo usioingia mtoni haujazi bwawa. Hapa uhifadhi haumwombi mkulima ajitolee kwa ajili ya chura. Unamwonyesha kwamba udongo unaoondoka ni wake, na maji machafu ni gharama ya mjini. Mazungumzo ya namna hiyo yana pande mbili zenye haja, na ndiyo hudumu.

## Mwaka wa mhifadhi

Kwa anayetaka kuona kazi hii ikizunguka na misimu, hivi ndivyo mwaka unavyokwenda kwa kawaida katika misitu ya upande huu:

- Januari na Februari, wakati wa jua: mashamba husafishwa kwa moto kabla ya masika. Njia za kuzuia moto huwa tayari zimefyekwa, na mhifadhi hupita vijijini kukumbusha: choma jioni, choma mkiwa wengi, toa taarifa.
- Machi hadi Mei, masika: kupanda miche ya asili kutoka kwenye vitalu, kwenye sehemu zilizoharibiwa. Barabara huteleza, pikipiki hukwama, na wapasua mbao hulijua hilo.
- Juni hadi Septemba, kipupwe: kufyeka mikuza, kutembea mpaka na kamati, kung'oa mimea vamizi. Watalii na watafiti huwa wengi.
- Oktoba hadi Desemba, vuli: kurudia kupanda, kuhesabu miche iliyopona, na kuandika ripoti na bajeti ya mwaka unaokuja.

Katikati ya hayo yote kuna kesi mahakamani, mgeni wa ghafla kutoka makao makuu, na daraja lililobebwa na maji.

## Anayeitaka kazi hii

Vijana huuliza wasome wapi. Kwa misitu, Chuo cha Misitu Olmotonyi mkoani Arusha hutoa vyeti na diploma, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada. Kwa wanyamapori kuna chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilichoanza 1963. Wahifadhi wa TFS sasa wako katika mfumo wa *jeshi usu*, yaani chombo chenye vyeo na nidhamu ya kijeshi. Nidhamu hiyo husaidia penye wapasua mbao wenye silaha. Penye mama wa kuni, kinachosaidia ni kujua kuamkia na kujua kungoja.

Zaidi ya cheti, anayefaa ana tabia hizi: anavumilia kurudia kazi ileile bila kuona matokeo haraka, anaandika alichokiona hata kama hakimfurahishi bosi wake, na anaweza kukaa kwenye baraza saa tatu bila kutazama simu.

Tuyakusanye:

1. Msitu uliokwisha kuguswa hauwezi kurudishwa kwa kuachwa tu. Mgeni na moto haviondoki vyenyewe.
2. Kazi kubwa ya mhifadhi ni ndogo ndogo zinazorudiwa: mkuza, miche, daftari, mkutano.
3. Kukata si jibu la kila mti mbaya, na kufunga si jibu la kila jirani.
4. Anayefaidika na msitu mara nyingi anaishi mbali, na ni lazima aonyeshwe.

Sasa unaweza kuipima mwenyewe hifadhi iliyo karibu nawe, iwe ya serikali, ya kijiji au ya kaya. Uliza mambo matatu. Mara ya mwisho mpaka umefyekwa lini, na nani alikuwepo? Ni mmea gani usio wa asili unaoenea, na nani anaufuatilia? Mkutano wa mwisho na kijiji uliamua nini, na limetekelezwa? Ukijibiwa yote matatu papo hapo, bila mtu kwenda kutafuta faili, umempata mhifadhi. Ukionyeshwa kibao cha getini tu, hifadhi hiyo inalindwa na bahati, na bahati haina zamu ya usiku.